Kikombe cha Barazani

Kile cha waridi si ua. Wageni wakifika kwetu Tabata hukisogelea na kulisifia ua, nami huwaacha kwanza washibe. Ni majani magumu yenye ncha kali, yaliyobadilika rangi ili kuwaita wachavushaji. Maua yenyewe ni yale madogo ya zambarau yanayochungulia katikati. Hayakawii kunyauka, waridi hubaki kwa miezi.

Mmea huu ni Aechmea fasciata, wa jamii ya bromelia, na kwao ni misitu ya kusini-mashariki mwa Brazili, ambako hukaa juu ya miti bila kuinyonya. Ndugu yake tunamfahamu: nanasi. Mimi naupendea majani, yana mikanda ya rangi ya fedha kama yamenyunyiziwa unga. Ule unga ni magamba madogo mno yanayosaidia kunyonya maji. Ukidhani ni vumbi ukayafuta, umeharibu pambo.

Kesi ilikuwa kikombe. Majani hujipanga duara, yakabanana na kuhifadhi maji katikati. Mwaka 2019, dengi ilipoikumba Dar es Salaam, Mama alilazwa siku nne. Kaka alitoka hospitali akaenda moja kwa moja barazani, akaunyanyua mmea.

"Huu ndio umemlaza."

Mbu wa dengi hutaga kwenye maji yaliyotuama, na pale maji yalikuwapo. Nikamwomba anipe usiku mmoja. Nikasoma kwamba hata Rio de Janeiro bromelia zilishukiwa, lakini watafiti waliochunguza maji yake walikuta mbu wale ni wachache; wao hupenda zaidi vyombo vyetu wenyewe. Asubuhi tukazunguka uani. Ndoo iliyopasuka ukingo, kifuu, na matairi mawili ya Kaka mwenyewe, yamejaa viluwiluwi vya mbu. Aliyabeba kimya.

Mama aliporudi alisema mmea ubaki, kwa sharti: kila Jumamosi niupindue, maji yamwagike, nitie mapya. Kaka husimama kukagua.

Kila shina huchanua mara moja tu, kisha hufa polepole. Ule wa 2019 ulishakwenda. Uliopo barazani leo ni chipukizi lake, nao umeanza kuzaa pembeni. Watoto wakifika theluthi ya urefu wake nitawatenga. Mmoja Kaka keshamwekea oda.