Kivuli cha Enaiposha

Mwaya, Jumamosi 8 Juni 2024

Mwera umevuma tangu adhuhuri, sasa umetulia. Wavuvi wa usipa wamewasha taa, na zile za mbali zinamemeteka ingawa maji yamelala. Ni hewa inayozichezesha. Hewa hiyohiyo iko kati yangu na Orkaria, kaskazini ya Nge, nyota hafifu mno kwa macho, umbali wa miaka ya nuru kama 48. Jina lake na la sayari yake, Enaiposha, ni ya Kimaa, yalitoka Kenya.

Jumapili 9 Juni

Nimekaa na penseli. Nusu kipenyo cha Orkaria ni kama 0.215 ya Jua, karibu kilomita 149,600. Cha Enaiposha ni mara 2.7 ya Dunia, kilomita 17,200. Gawanya: 0.115. Zidisha kwa yenyewe: 0.0132. Basi sayari ikikatiza mbele, nyota hupungukiwa na asilimia 1.3 ya mwanga, kwa dakika 50 hivi, kila baada ya saa 38. Sayari nyingine, Tanzanite, ambayo sisi Watanzania tuliipa jina mwaka 2019, inaishinda Mshtarii kwa ukubwa, lakini huficha kama nusu asilimia tu, maana nyota yake, Mpingo, ina kipenyo zaidi ya mara mbili ya Jua.

Jumatano 12 Juni

Ile asilimia 1.3 ilinaswa mwaka 2009 na darubini za sentimita 40 kule Arizona. Kigumu ni kupima inavyobadilika rangi kwa rangi, ili hewa ya sayari ijulikane. Hapo unasaka makumi machache ya sehemu katika milioni, na inabidi utoke nje ya angahewa.

Laura Kreidberg na wenzake waliielekeza darubini ya angani Hubble kwenye mipito 15 ya Enaiposha mbele ya nyota yake. Mwaka 2014 wakatangaza kwamba kina cha upungufu huo wa mwanga hakibadiliki kwa rangi. Sayari imefunikwa na mawingu au ukungu wa juu. Kazi yao naiheshimu sana. Hubble huizunguka Dunia kwa dakika kama 95, Dunia huiziba nyota kila mzunguko, na kila ikianza kutazama upya kihisi mwanga chake husoma chini kisha kupanda, kana kwamba nyota yenyewe inazidi kung'aa. Huo uongo wa chombo lazima uondolewe kwanza. Darubini ya Webb, iliyo kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, haizibwi hivyo. Mwaka 2022 iliutazama mzunguko mzima wa Enaiposha.

Jumapili 16 Juni

Bado kuna madoa ya nyota. Sayari ikipita juu ya doa, mwanga huinuka kidogo. Madoa yakiwa nje ya njia yake, kina huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Na hata kina kikiwa safi, kinachopatikana ni uwiano tu wa sayari na nyota yake. Ukikosea nusu kipenyo cha nyota kwa asilimia 5, cha sayari nacho kimekosewa asilimia 5, na ujazo wake karibu 15. Kwa ujazo huo ndipo tunabishana kama ndani mna maji au mwamba uliovikwa gesi. Shule ikifunguliwa, kidato cha nne wataifanya hesabu hii ubaoni, wakianza na nyota.