Oveni Iliyojifunza Kujizima

Nilipoanza kumfuata mjomba karakanani kwake Ilala, miaka ya tisini mwanzoni, jiko la gesi lenye oveni lilikuwa kitu cha mahotelini na cha nyumba chache za Upanga. Mengi yalikuwa ya Kiingereza na yamekula chumvi. Kuwasha kulikuwa na utaratibu mmoja: fungua mlango, washa njiti, isogeze kwenye kitundu cha chini, ndipo uachie gesi. Moto kwanza, gesi baadaye. Aliyegeuza utaratibu huo tulimtambua kwa nyusi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo haipandi ikaenda zake. Inajikusanya sakafuni mwa oveni.

Themostati tu ndiyo iliyokuwa na akili ndani ya majiko yale. Waingereza waliiweka kwenye oveni ya gesi tangu 1923, wakaipa namba badala ya nyuzi joto. Katika nyingi tulizofungua kulikuwa na mrija mwembamba wa shaba uliojaa kiowevu: oveni ikipata moto kiowevu kinatanuka, kinasukuma vali, gesi inapungua. Mrija ukikunjwa vibaya ukapasuka, hakuna fundi wa kuurudisha. Mjomba alipima kazi yake kwa unga wa ngano. Aliutandaza kwenye sinia, akaliingiza, akaangalia unavyogeuka rangi na upande upi unawahi. Leo nina kipimajoto cha waya, lakini kwa kujua moto umeegemea wapi sijaona kinachoushinda ule unga.

Kisha kikaja kibonyezo cha cheche. Ndani yake mna kinyundo cha springi kinachogonga kipande cha kauri, na kauri hiyo ikigongwa hutoa umeme wa maelfu ya volti. Jambo lenyewe ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walilionyesha mwaka 1880. Hakihitaji betri wala soketi, na katika vyote vya kuwashia nilivyowahi kushika, hicho ndicho nilichokipenda.

Hakikudumu. Majiko yaliyojaa madukani Kariakoo baadaye, yale ya bena tatu za gesi na plati moja ya umeme, yalikuja na cheche za umeme wa ukutani: unabonyeza nobu, linalia tik-tik-tik. Pwani hapa hizo ndizo zinazonilisha. Unyevu na chumvi huingia kwenye swichi ndogo zilizo chini ya nobu, zikagandana, jiko likawa linatika lenyewe usiku wa manane watu wamelala. Au mchuzi umemwagika. Au kauri inayoshika sindano ya cheche ina ufa, basi cheche inarukia bati badala ya bena. Ufa huo mchana huuoni. Mimi hufunga gesi, nazima taa ya jikoni, halafu nabonyeza. Gizani cheche inajionyesha yenyewe inakokwenda.

Wakati wa mgao wa umeme, 2006 na tena 2011, wenye majiko hayo walirudia kiberiti na maisha yakaendelea. Waliokwama ni wenye oveni za Marekani zilizoletwa na makontena. Nyingi haziwashwi kwa cheche. Zina kijiti kinachowaka chekundu, na vali haifunguki mpaka umeme wa kutosha upite kwenye kijiti hicho. Umeme haupo, gesi haitoki, njiti yako haina kazi. Wengine wao walikuwa wameshakiunguza siku ya kwanza, kwa kuchomeka chombo cha volti 120 kwenye 230.

Lakini badiliko ninaloliheshimu halina mlio wala mwanga. Ni themokapo, kile kichwa cha chuma kinachoota moto pembeni ya bena. Mna metali mbili zilizounganishwa. Zikipata joto hutoa umeme wa milivolti 20 au 30 hivi. Umeme huo hauwezi kuwasha taa yoyote, ila unatosha kushikilia sumaku ndogo inayoiacha vali wazi. Upepo ukizima moto, kichwa kinapoa, sumaku inaachia, springi inafunga gesi. Ndiyo sababu unashikilia nobu sekunde kadhaa baada ya kuwasha: unakisubiri kipate joto.

Na hicho ndicho wateja wanachotaka nikitoe.

"Fundi, hiki kinanichosha. Nikiachia tu, kinazima. Si ukikate?"

"Mama, nikikikata, siku upepo ukizima moto gesi itaendelea kutoka, na wewe uko sebuleni."

Mara nyingi hakijafa. Kina masizi, au kimesogea nje ya mwali, au nati yake nyuma ya vali imelegea. Nakisugua kwa msasa laini, nakirudisha mahali pake, nakaza. Kikigoma, nabadilisha. Nimeshafungua majiko ambayo fundi mwenzangu aliibana vali kwa kipande cha waya ibaki wazi daima, akalipwa, akashukuriwa. Jiko la namna hiyo silirudishi lilivyo, hata mwenyewe akinuna.

Sasa kila saidia fundi wangu namwanzia hapo, kabla ya cheche. Hujifunza pia upande wa biashara: bei ya kitu cha kuwashia mteja huilipa bila neno, maana anakiona kinafanya kazi. Ya themokapo atabishana nawe mpaka mlangoni.