Nukta ya Pili

Filamu fupi za mzee na mtoto zina ugonjwa mmoja: mzee lazima afe. Nimeonyeshwa kadhaa na vijana wanaosomea kazi ya kutengeneza filamu, kwenye simu na kwenye kompyuta, na kila kinanda kinapoanza kulia polepole najua kitanda cha hospitali hakiko mbali. Machozi hunitoka, sikatai. Nikishayafuta ndipo huanza kujiuliza: huyu mzee alikuwa anafanya kazi gani? Na mtoto alikuwa na shida gani mpaka akamhitaji? Mara nyingi hakuna jibu. Wanapendana tu, basi.

Binti mmoja wa Kampala anataka kutengeneza filamu ya dakika 15 juu yangu mimi na opareta wa sinema ya Norman. Alinipata nilipokuja kutoka Mombasa kwa harusi ya mpwa wangu, tukakaa Nakasero karibu na soko, na nikamsimulia haya ninayoyaandika. Nayaandika kwa sababu naona atakavyoyakata.

Norman lilikuwa jumba la sinema la Buganda Road, chini ya mlima Nakasero, upande wa kuelekea Wandegeya. Leo ni kanisa, Watoto Church, ambalo wengi wa rika langu bado wanaliita kwa jina lake la awali, Kampala Pentecostal. Siku hizo mji ulikuwa na majumba kadhaa, Odeon, Neeta, Delite, na kila jumba lilikuwa na watu wake. Baba yangu alikuwa mtu wa pwani aliyeletwa Uganda na reli ya Afrika Mashariki, na tulikaa kwenye nyumba za reli Nsambya. Mama alinunua njugu mbichi pale Nakasero, kwenye lile soko la mwaka 1927, akazikaanga, nami nikazifunga kwa kurasa za gazeti la Uganda Argus na kuziuza mlangoni mwa sinema. Mwaka 1969 nilikuwa na miaka 12.

Opareta alikuwa Mgoa wa umri wa kuitwa babu, mwembamba, shati jeupe limeingia madoa ya mafuta mikononi. Jioni moja alishuka ngazi za chuma za nyuma, akachukua njugu, akaipapasa sarafu kwa kidole gumba na kunipa.

“Mzee,” nikamwambia, “hii ni shilingi nzima. Njugu ni senti kumi.”

Binti wa filamu alifurahi sana hapa. Aliona uaminifu wa mtoto maskini, na moyo wa mzee ukilainika. Nilimwambia afute. Mzee hakujali uaminifu wangu hata kidogo. Alichukua shilingi yake, akasogeza uso karibu na wangu, akaniuliza, “Wewe toto, macho yako mazuri?”

Nikasema mazuri.

“Njoo juu.”

Ili uelewe alichokuwa anakitaka, lazima ujue mkanda wa sinema ulivyofanya kazi wakati ule. Filamu nzima haikukaa kwenye gurudumu moja. Ilikuja imekatwa katika rili tano au sita, kila moja yapata futi 2,000, na rili kama hiyo inakwisha kwa dakika 22 hivi. Kwa hiyo chumbani mlikuwa na projekta mbili. Moja inaonyesha, nyingine inasubiri na rili inayofuata. Rili ikikaribia mwisho, nukta ndogo ya duara inatokea kwenye pembe ya juu, kulia kwa picha. Hiyo ya kwanza inakuambia uwashe mota ya mashine ya pili. Sekunde saba baadaye inatokea nukta nyingine, na hapo hapo unafunga mashine ya kwanza na kufungua ya pili. Ukipatia, watu mia kadhaa waliokaa gizani hawajui kama kuna kitu kimetokea. Ukikosa, pazia linabaki jeupe, na watazamaji wa Kampala hawakuwa watu wa kuvumilia: filimbi, matusi kwa Kiganda, Kiswahili na Kigujarati, na makopo kurushwa.

Nukta yenyewe inakaa kwenye picha nne tu za mkanda. Picha 24 zinapita kila sekunde, basi nukta ina sehemu ya sita ya sekunde ya kuishi. Mzee alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hakuna aliyekuwa anajua. Alikuwa ameendesha kazi kwa muda kwa kuhesabu dakika na kusikiliza mlio wa gurudumu linavyobadilika likibaki jepesi. Ujuzi huo ni mkubwa, lakini hautoshi.

Basi kazi yangu ilikuwa hiyo. Nilisimama juu ya kreti la soda kwenye kidirisha, nikitazama pembe ya juu kulia. Nukta ikitokea nasema “Moja!” Ya pili, “Mbili!” Yeye mikono yake ilikuwa tayari, na mikono ile haikuhitaji macho. Nimeona filamu nyingi sana Norman kwa namna hiyo, na wenzangu shuleni walinionea wivu, lakini ukweli ni kwamba dakika za mwisho za kila rili sizijui. Stelingi anakabwa koo, watu wanapiga kelele, mimi macho yangu yako juu kulia kwenye kipande cha mawingu au dari.

Malipo yangu yalikuwa kuingia bure, na njugu ambazo mzee alizila kwa mkopo. Aliandika deni kwa chaki ukutani, mstari mmoja kwa kila pakiti, mistari mikubwa ili aweze kuiona mwenyewe.

Baba hakupenda. Mzee mgeni asiye na mke wala watoto mjini anamtakia nini kijana wangu? Ni swali la haki, na leo ningeuliza hilo hilo. Jumamosi moja alipanda zile ngazi za chuma akiwa na yunifomu yake ya reli, akasalimia, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa rili nzima bila kusema neno. Alikuwa mtu wa mashine, na mashine zile zilimpendeza: taa haikuwa balbu, ilikuwa vijiti viwili vya kaboni vinavyoungua kwa cheche ya umeme, na kioo cha mviringo nyuma yake cha kutupa mwanga mbele. Vijiti vinaisha kadri vinavyoungua, lazima uvisogeze. Baba aliuliza joto linatokea wapi, moshi unakwenda wapi. Waliongea juu ya moshi muda mrefu. Wakati wa kuondoka alisema, “Maonyesho ya saa kumi na mbili tu. Ya usiku hapana.” Mzee akajibu, “Ndiyo, bwana.” Hivyo ndivyo nilivyoruhusiwa, na sijui maonyesho ya usiku aliyaendeshaje.

Kidogo kidogo alinipa kazi nyingine. Kurudisha rili nyuma. Kukagua mkanda kwa vidole ukipita, kutafuta mahali palipochanika. Kukwangua ngozi ya picha kwa wembe, kupaka gundi, kubana na kusubiri. Nikifanya vibaya alinifinya sikio, na wala hakusema pole. Alinisifu nadra mno. Habari za kwao Goa alizisema nusu nusu, zaidi samaki. Mimi nilimwambia habari za shule, naye alisikiliza akiwa amenipa mgongo, anafuta kioo.

Agosti 1972 nilikuwa kidato cha pili. Tarehe 4 Rais Idi Amin alihutubia wanajeshi Tororo, akasema Waasia wenye pasi za Uingereza waondoke ndani ya siku 90. Siku chache baadaye wakaongezwa wa India, Pakistan na Bangladesh. Kila siku gazeti lilikuwa na tangazo jipya, nani aende wapi na karatasi gani, na mzee hakuweza kusoma herufi za gazeti. Nilimsomea mimi. Kiingereza cha serikali, na mimi nakigeuza Kiswahili papo hapo, nimesimama juu ya kreti, ukurasa nimeuweka kwenye mwanga unaovuja ubavuni mwa mashine.

Jioni moja nilifika kwenye maneno kuhusu wasio na pasi inayokubalika. Yeye alizaliwa Goa chini ya Mreno. India ilipoitwaa mwaka 1961 alikuwa Kampala na mashine zake, hakwenda kubadilisha chochote. Aliniambia, “Rudia.” Nikarudia. “Tena.” Nikasoma tena, na katikati ya sentensi jicho langu likanasa pembeni.

“Moja!”

Akawasha mota. Tulisubiri.

“Mbili!”

Akabadilisha. Chini hakuna aliyekohoa. Akavuta stuli yake, akasema, “Sasa malizia.”

Binti aliniuliza alikuwa na sura gani wakati ule. Chumba kilikuwa na giza, na mimi nilikuwa natazama pazia.

Wiki zilizofuata alikwenda foleni asubuhi na kurudi kazini jioni. Mji ulikuwa unafungwa duka baada ya duka. Barabara ya Entebbe ilikuwa na vizuizi vya askari, na wasafiri walivuliwa saa na bangili kabla ya kufika uwanja wa ndege. Huko juu ya mlima, karibu na ikulu ndogo ya Nakasero, jengo la State Research Bureau, makachero wa Amin, lilikuwa tayari limeanza kuwafanya watu wavuke upande wa pili wa barabara. Baba alinikataza kwenda, na mama akaniruhusu mradi nirudi na mtu wa reli aliyemaliza zamu mjini.

Mzee alitumia muda uliobaki kunifundisha kufanya kazi ya watu wawili. Nilikuwa na macho. Alitaka niwe na mikono. Aliniwekea rili mbovu na kunisimamisha peke yangu, yeye amekaa kwenye kreti langu, anasikiliza. Nikichelewa hata kidogo alijua kwa mlio. “Umetazama mkono,” alisema. “Mkono hautazamwi.”

Wasiokuwa na nchi Umoja wa Mataifa uliwachukua mwishoni kabisa, kabla ya tarehe 8 Novemba, na kuwapeleka kwenye kambi za Ulaya: Austria, Italia, Malta, kwingineko. Yeye alipangiwa Austria. Hakuniaga. Nilikuja jioni nikakuta kijana wa tiketi amekaa chumbani anaogopa kugusa chochote. Mistari ya chaki ilikuwa bado ukutani, haikulipwa hata mmoja. Binti anataka nikute bahasha yenye pesa. Hapakuwa na bahasha, na mzee mwenyewe nadhani aliruhusiwa kutoka na pesa ambazo hazingemfikisha mbali. Nilionyesha filamu usiku huo, kwa mara ya kwanza maonyesho ya usiku, na nilipofika nyumbani baba alikuwa macho lakini hakusema kitu.

Barua ilikuja mwanzoni mwa 1973, mwandiko wa mtu mwingine, Kiswahili chake yeye. Aliuliza kama ninafuta kioo cha mashine ya pili, kwa kuwa kile cha pili hushika masizi zaidi. Alisema madaktari wa huko wameyatazama macho. Basi. Nilimjibu kwamba nafuta, na kwamba filamu mpya zimeadimika, tunaonyesha za karate mpaka mkanda unachakaa. Sikupata jibu. Februari 1976 Amin alidai sehemu za magharibi mwa Kenya ni zake, Wakenya wakawa hawana raha Kampala, na baba akaturudisha Mombasa. Huko nilifanya kazi hiyo hiyo mpaka video ikatunyang'anya watazamaji.

Vijana wa Uganda wana bahati ambayo sisi hatukuwa nayo. Mwongozaji wa filamu Mira Nair alianzisha Maisha Film Lab hapa Kampala mwaka 2004 ili wafundishwe kuandika na kuongoza filamu, na ukitazama filamu yake fupi ya 2014 juu ya Robert Katende, yule mwalimu wa sataranji wa Katwe, aliyoitengeneza kabla ya filamu ndefu ya Queen of Katwe, utaelewa ninachomdai huyu binti. Nilichokiona pale ni mtu mzima aliye kazini, anawafundisha watoto wa Katwe kitu kigumu. Upendo upo, ila hakuna anayeuzungumzia sana.

Nimempa masharti. Mzee asife. Njugu zisilipwe. Dakika tatu nzima ziwe za kubadilisha rili, bila kinanda, tusikie gurudumu tu. Amekubali mawili ya mwanzo. La tatu anasema watu watadhani filamu imeharibika. Halafu akaniuliza kama ningekubali kumwigiza opareta mimi mwenyewe, maana mikono inajua. Nikamuuliza analipa kiasi gani kwa siku. Amesema atawauliza wafadhili.