Kipupwe cha Dodoma na Raha ya Mtu na Mkewe



Mtu wa pwani akiambiwa kwamba Dodoma kuna baridi hucheka. Yeye aijua nchi hii kwa jua na vumbi tu. Basi na aje mwezi wa Juni au Julai, ashuke garini saa 11 alfajiri, ndipo atakapojua. Mji wetu umekaa juu ya uwanda ulioinuka mita zipatazo 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua zikishakatika, mbingu hubaki tupu. Joto ambalo ardhi imelipokea mchana hupanda likapotea usiku, maana hapana wingu la kulizuia, na upepo mkavu wa kusi huvuma bila kupumzika. Adhuhuri mtu hutembea na shati jepesi, lakini kabla ya Alfajiri kipimo hushuka hata nyuzi 13 au 14. Kwa mtu wa Ulaya hayo si kitu. Kwa sisi tulalao chini ya bati, ni baridi tosha.

Msimu huu ndio wa likizo pia. Shule hufungwa, watoto huenda kwa babu na bibi zao, na chuoni petu wanafunzi hupungua. Nyumba hubaki na watu wawili: mtu na mkewe. Na hapa ndipo penye jambo tulilokusudia kulisema, kwani wako wengi ambao nyumba ikibaki hivyo hawajui la kufanya.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa wingi, mwaka 2016, tumepata majirani vijana walioletwa na kazi, wengine wakiwa wameoana karibuni. Twawasikia wakisema, "Mwalimu, Dodoma hakuna pa kwenda." Basi mume baada ya Isha hutoka kwenda kunywa kahawa na wenziwe hata saa 4 usiku, na mke hujifunika shuka akazungumza na simu yake. Wengine hukopa fedha waende kupumzika mbali, wakarudi na picha nzuri na deni baya. Sisi hatukatazi safari kwa mwenye uwezo wake. Lakini twauliza: ikiwa wawili hawakuzoea kukaa pamoja nyumbani mwao, je, watajifunza hotelini kwa siku tatu?

Sisi na mwenzetu tumeoana mwaka wa 29 sasa. Ujira wa mwalimu wa chuo unajulikana. Hatujapata kulala hoteli hata siku moja. Hata hivyo kipupwe ndio msimu ambao mwenzetu huungoja kuliko yote, na sababu yake si kubwa. Katika nyumba nyingi, baridi humwumiza zaidi yule anayeamka mwanzo: awashe jiko, ateleke maji, apike uji, ndipo wengine watoke chini ya blanketi. Na huyo, aghalabu, ni mke. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa Sala ukifika hutoka kwenda kusali. Ikiwa mbora wa viumbe alifanya hayo, sisi ni nani? Basi kwetu imekuwa kanuni: kipupwe kikiingia, mwanamume ndiye aamkaye mwanzo na kuteleka maji.

Jambo hili lina uzito kuliko lionekanavyo. Tunawajua vijana wanaoiacha Alfajiri ipite kwa kuogopa josho la maji baridi. Dini yetu si ya kutesa watu. Sahaba Amr bin Al-As (r.a.), katika vita vya Dhat al-Salasil, aliogopa kuangamia kwa baridi akatayamamu, naye Mtume (s.a.w.) alipopata habari alicheka na hakumlaumu. Lakini mwenye jiko, sufuria na kiberiti hana udhuru huo. Mume amtelekee mkewe maji; hapo atakuwa amelinda Sala mbili kwa ndoo moja.

Na kwa kuwa tumetaja jiko, tusikilizaneni. Kila kipupwe wako watu wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na madirisha, wakalala. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika. Huingia mwilini kwa kila pumzi, ikamwua mtu usingizini naye hakujua. Mtume (s.a.w.) alikwisha kukataza kuacha moto ukiwaka ndani ya nyumba wakati wa kulala. Oteni moto uani, au mlango ukiwa wazi, kisha uzimeni. Blanketi la pili ni rahisi kuliko sanda mbili.

Ama raha za msimu huu ni nyingi kwa anayezitaka. Kwanza ni funga. Imepokewa kwamba funga ya wakati wa baridi ni ngawira ipatikanayo bila taabu. Huku kwetu mchana wa Juni ni mfupi kuliko wa Desemba kwa dakika zipatazo 40, na kiu haisumbui. Sisi hufunga Jumatatu na Alhamisi pamoja, na jioni tukafuturu kwa uji wa uwele, karanga za kukaanga na chai ya tangawizi. Ya pili ni kisimamo cha usiku. Mtume (s.a.w.) amemwombea rehema mume amwamshaye mkewe kusali, na akikataa humnyunyizia maji usoni, na mke vivyo hivyo kwa mumewe. Mwenzetu hutuonya kila mwaka, "Mwalimu, Sunna naikubali, lakini maji yawe ya uvuguvugu."

Na wanaotaka kutembea, watembee. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha, mara ya kwanza bibi akamshinda, na baada ya muda yeye akamshinda bibi. Sisi miguu yetu haiwezi mbio, lakini jua likichomoza huenda pamoja soko la Majengo tukalikumbatia jua njiani. Mwaka mmoja tulipanda basi hata Kondoa, tukaenda Kolo kutazama michoro ya watu wa kale miambani, iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Agosti zabibu za msimu wa pili huanza kuingia sokoni. Kilo moja yawatosha wawili kwa mazungumzo ya jioni nzima.

Enyi vijana, msidhani tunasema haya kwa kukosa la kusema. Yuko mzee mmoja jirani yetu aliyefiwa na mkewe. Kipupwe kilichofuata tulimpelekea blanketi. Alishukuru, kisha akasema anayo matatu. Akatuonyesha kiti kitupu cha upande wa pili wa jiko, asiseme zaidi. Mwenzetu alilia njia nzima.

Basi wewe ambaye kiti cha pili cha nyumba yako kina mtu, rudi mapema usiku huu. Kahawa ya nje utaipata msimu mwingine. Mola atie mapenzi na rehema baina ya kila mtu na mkewe, awahurumie waliobaki peke yao, na awape nguo na moto wasio navyo. Amin.

Wabillahi tawfiq.