Barua kutoka Rebero: Raha Ndogo Zina Kanuni Zake

Ndugu zangu wa nyumbani Tanzania,

Nawaandikia kutoka Rebero, kilima kilicho kusini mwa jiji la Kigali, wilayani Kicukiro. Swali linalonifikia mara kwa mara kutoka huko ni hili: raha ya kuishi huku ni ipi hasa? Anayeuliza huwa anangoja habari za majengo marefu na mishahara. Mimi naona raha ya Rebero iko kwenye mambo madogo ya kila siku: njia ya miguu isiyo na taka, ubaridi wa asubuhi, chai ya maziwa yenye tangawizi, jirani anayekujua kwa jina. Wengi husema hayo ni majaliwa tu, zawadi ya vilima na hali ya hewa. Hoja yangu ni kwamba sivyo. Raha ndogo huzaliwa pale watu wanapokubali kuwekeana mipaka na kuifuata, na mpaka usipotunzwa, raha nayo huondoka.

Ushahidi wa kwanza nautoa mbali, Uingereza, kwa kuwa kule jambo hili linaonekana waziwazi. Mifereji ya nchi ile ilianza kuchimbwa kwa wingi katika karne ya 18 ili kubeba makaa ya mawe na bidhaa za viwandani. Reli na malori vikaipokonya kazi hiyo, na leo maelfu ya watu wameyafanya maboti ya mifereji kuwa nyumba zao. Boti la kawaida lina upana wa mita 2 na kidogo tu, maana ndivyo malango ya maji yalivyojengwa. Mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 6 na nusu kwa saa. Asiye na gati la kudumu hatakiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1995. Tangi la maji hujazwa kwa mpira kituoni, kuni za jiko hupangwa juu ya paa, na choo mtu humwaga mwenyewe mahali palipotengwa. Ukiyasoma hayo yote utadhani ni orodha ya taabu. Lakini wanaoishi hivyo husifu bata wanaopita dirishani, joto la jiko dogo wakati wa baridi, na salamu za wapita njia kando ya maji. Chumba chembamba kimewaondolea mzigo wa vitu wasivyovihitaji, mwendo wa polepole umewapa nafasi ya kuona, na sheria ya kuhama imeuacha ukingo wa mfereji uwe wa wote.

Kwetu Afrika Mashariki mfano wa karibu uko Ziwa Kivu, magharibi mwa Rwanda. Jua likizama, wavuvi wa Rubavu, Karongi na Rusizi huingia ziwani na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu ikichomoza mbele na nyuma kama masharubu ya kambamti. Hupiga kasia huku wakiimba ili mikono iende pamoja, kisha hushusha wavu na kuwasha taa zinazowavuta sambaza. Msomaji wa Kigoma atawatambua samaki hao, kwani ni jamii ya dagaa waliotolewa Ziwa Tanganyika na kupandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Uvuvi huo husimamishwa kwa vipindi ili samaki wazaane, na katika kipindi hicho mvuvi hubaki nchi kavu hata kama mfuko umekauka. Sahani ya sambaza wa kukaanga, pamoja na ndimu na pilipili, ni raha ya bei nafuu hapa Kigali, na inategemea watu waliokubali kungoja.

Sasa turudi mjini. Tangu mwaka 2016 Kigali ina Siku Isiyo na Magari. Ilianza mara moja kwa mwezi, na baadaye ikawa Jumapili mbili. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne, barabara kubwa zilizochaguliwa hufungwa. Pale ambapo siku nyingine mtu wa miguu hukimbia ili kuvuka, utaona bibi akitembea katikati ya lami bila haraka, watoto wakijifunza baiskeli, na vijana wakifanya mazoezi kwa makundi. Kando wapo wahudumu wa afya wanaopima shinikizo la damu na sukari bila malipo. Barabara ni ileile na jua ni lilelile. Kilichoongezeka ni katazo la saa tatu.

Usafi nao una mhimili wake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2008, na Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi watu hutoka kwa umuganda, kazi ya pamoja ya kufyeka, kuzibua mitaro na kupanda miti. Kazi ikiisha, majirani huketi kujadili mambo ya mtaa, na hapo ndipo majina hujulikana. Rebero ina sababu nzito zaidi ya kutochukulia ujirani kuwa jambo la kawaida. Juu ya kilima hiki iko kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi, walikozikwa pia wanasiasa waliouawa kwa kuyapinga, na kila tarehe 13 Aprili wiki ya maombolezo hufungwa hapa. Nchi iliyoona jirani akimgeukia jirani inajua kwamba jioni ya utulivu ni kazi ya watu, na kazi hiyo haina likizo.

Najua mapingamizi yatakayoletwa. La kwanza ni kwamba nausifu ufukara. Anayepandisha kilima na dumu la maji kichwani hana raha ya kusimulia, na Rebero yenyewe ina majumba ambayo wengi hawawezi hata kupanga chumba cha uani. Pingamizi hili ni la kweli, nami nalikubali kabisa. Lakini mpaka ninaousema si shida. Shida humwangukia mmoja peke yake bila kuulizwa. Mpaka mzuri huwafunga wote, na hasa humbana mwenye nacho. Siku Isiyo na Magari haimnyang'anyi kitu asiye na gari. Inampa barabara. Dumu la maji linahitaji bomba, na hakuna maneno matamu yanayoweza kuwa badala yake.

Pingamizi la pili linasema: hiyo ni Rwanda, nchi ya amri, faini na askari kila kona. Ni kweli faini zipo na askari wapo, na mtu ana haki ya kujiuliza ni wapi utaratibu unaishia na woga unaanzia. Hata hivyo amri peke yake haitoshi kueleza jambo hili. Mifereji ya Uingereza iko chini ya siasa tofauti kabisa, na bado ina masharti makali yanayozaa matunda yaleyale. Kuna pia dereva wa pikipiki anayekosa abiria katika barabara zilizofungwa. Hasara yake ni halali, na ndiyo maana saa ni chache na barabara ni za kuchagua. Mpaka usiopima maumivu ya wadogo haustahili kutetewa.

Nyumbani hatuanzi na sifuri. Zanzibar ilikataza mifuko ya plastiki mapema, mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Vikapu vikarudi sokoni na maisha yakaendelea. Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru zilibadilishwa kuwa siku ya usafi, na watu wakashika mafagio. Kwa hiyo nawaomba wenye mamlaka Dar es Salaam wafunge Barabara ya Barack Obama, ile ya ufukweni, Jumapili asubuhi kwa saa tatu. Watangaze mapema, waweke meza ya kupima afya, wawape nafasi mama lishe na wauza madafu. Wazingatie sharti moja tu: gari la mkubwa lisimame kama linavyosimama la mdogo. Mpaka ukimwacha mkubwa apite, wananchi wataufuata kwa kinyongo hadi ufe. Ukimsimamisha yeye kwanza, watautunza wenyewe, kwa sababu watakuwa wameonja kilicho chao.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa Rebero