Stika Kwenye Kioo Si Bima

Leo tuongee kitu ambacho ukikitaja mbele ya vijana, kila mtu anakumbuka ana meseji ya kujibu: bima. Najua, tunaona ni mambo ya wazee wenye suti. Lakini kama una gari, unaendesha la mzazi, unafanya teksi ya app, ama nduthi ndiyo ofisi yako, hii pesa inatoka mfukoni mwako ama kwa mtu anayekulisha. Na imepanda.

Niseme msimamo wangu mapema ndiyo tusizungushane. Bei ikipanda, wengi tunauliza, "Ya chini kabisa ni ngapi?" Mimi naona swali la kwanza liwe: ni kitu gani kikienda leo, sisi kama familia hatuinuki tena? Hicho ndicho kikatiwe bima ya ukweli. Mengine tunaweza kuvumilia.

Kwetu hicho kitu ni Probox ya mathe. Kila Jumanne na Ijumaa, kabla jogoo awike, inatoka Rongai hadi Marikiti, inarudi imejaa vitunguu, viazi na nyanya. Hiyo gari ndiyo inasomesha ndugu yangu mdogo. Mwaka jana thamani yake iliandikwa 800,000 na kampuni ikatoza asilimia 5, yaani 40,000. Mwaka huu meseji ikaingia: asilimia 7. Hapo ni 56,000. Ongeza makato ya kisheria, asilimia 0.2 ya mafunzo na 0.25 ya hazina ya fidia, kisha stampu ya shilingi 40, unafika 56,292. Gari ni lile lile, limezeeka mwaka mzima, na mathe hajawahi kudai hata taa ya nyuma.

Ajenti alikuwa na dawa mbili. "Mama, usisumbuke. Tuandike ni gari la kibinafsi, itashuka. Ama uchukue thadi pati tu, bora stika iko." Mathe akaniangalia. "Mami, wewe ndiye wa intaneti. Hebu nisomee hii maneno."

Basi nikasoma.

Thadi pati ndiyo bima ambayo sheria inakulazimisha uwe nayo, ile sheria ya Cap 405. Bila hiyo karao akikusimamisha umeisha. Lakini jina lenyewe linakwambia: ni ya mtu wa tatu. Ukimgonga mtu, bima inamlipa yeye akiumia, ama familia yake akifa, na sheria imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa kila dai. Lako likiibwa, likiungua ama likipinduka peke yake Kiserian, hakuna mtu anakuja. Wanakuachia stika yako safi kwenye kioo. Ile inayolilinda gari lako lenyewe ni kompre, na ndiyo iliyopanda.

Sasa, thadi pati si mbaya kwa kila mtu. Kama una ka-Vitz ka zamani, umeweka akiba, na kakiisha leo utapanda mat wiki kadhaa na maisha yaendelee, chukua thadi pati ulale. Hutakuwa mjinga. Mathe hawezi. Probox ikienda, kibanda kinaenda, na karo inaenda.

Ile dawa ya pili ndiyo ilinipandisha presha. Kuandika gari la kazi kama la kibinafsi kunashusha bei siku ya kulipa, sawa. Siku ya ajali, asesa anakuja, anakuta magunia ya viazi nyuma, anauliza gari lilikuwa linaenda wapi saa kumi alfajiri. Fomu inasema ni la kwenda kanisani na kazini. Kampuni inakataa kulipa, na ina haki ya kukataa. Umelipa mwaka mzima kununua karatasi. Wasee wa teksi za app, hapa naongea na nyinyi pia. Kama bima yako ni ya kibinafsi na umebeba abiria wa kulipa, uko barabarani na stika, lakini sina uhakika una bima.

Kwa nini imepanda? Nimejaribu kuwaelewa, kwa sababu kulalamika bila kuelewa ni kelele tu. Spea nyingi za magari yetu zinanunuliwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na taa iliyovunjika haikusubiri shilingi ipone. Halafu bima ya magari imekuwa ikizipa kampuni nyingi hasara miaka nenda rudi, na sehemu ya hasara ni sisi wenyewe: ajali za kutunga, gereji inayobadilisha bampa moja na kuandika tatu, majeruhi ambao hawakuwa hata ndani ya gari. Kila dai la uongo analipa mama wa vitunguu ambaye hajawahi kudai.

Lakini niulize. Dola ilirudi hadi kama 129 mwaka huo huo wa 2024, mbona bei ya bima haikugeuka nayo? Ikipanda tunaambiwa ni soko. Ikifaa ishuke, soko linalala.

Na tafadhali, msiniambie hakuna kitu tunaweza kufanya. Mnakumbuka Muswada wa Fedha wa 2024? Kulikuwa na kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isiyopungua 5,000 wala kuzidi 100,000, na ilikuwa ikusanywe na kampuni za bima ukienda kukata bima. Kwa Probox ya 800,000, hiyo ingekuwa 20,000 nyingine juu ya ile 56,000. Kodi hiyo iliondolewa Juni 18, siku ambayo vijana walikuwa barabarani Nairobi, na wiki iliyofuata Rais akakataa kuutia sahihi muswada mzima. Watu walisoma vifungu, wakavitafsiri, wakavieneza. Kizazi kilichosoma muswada mzima hakiwezi kushindwa kusoma kurasa za bima ya gari.

Turudi kwa mathe. Tulichofanya hakikuwa uchawi. Tuliomba bei kwa kampuni nne, zote kwa matumizi ya ukweli: gari la kubeba bidhaa zake mwenyewe. Tukapeleka gari likathaminiwe upya, likatoka 700,000. Hiyo peke yake ilishusha bei, kwa sababu gari likipotea hulipwi thamani ya ndoto, unalipwa thamani ya soko. Ila usishushe kwa uongo. Ukiandika nusu ya thamani, na fidia yako inaweza kukatwa vivyo hivyo. Kisha tukakubali eksesi kubwa kidogo, yaani ile pesa unayotoa wewe kwanza kabla kampuni haijatoa yake. Kutoka 20,000 hadi 30,000. Mathe alisema, "Elfu thelathini nitakopa chama. Laki saba nitakopa wapi?" Hapo alimaliza somo lote.

Kampuni moja ikatupa asilimia 6 kwa sababu gari lina traka na yeye hana dai lolote. Asilimia 6 ya 700,000 ni 42,000. Bado ni zaidi ya mwaka jana kwa elfu mbili, lakini si 56,000, na hakuna uongo kwenye fomu.

Kulikuwa na nyingine ya bei ya chini zaidi. Tuliikataa, na hapa nataka mnisikize. Bima ni ahadi, na ahadi ni nzuri kama mtu anayeitoa. Resolution iliwekwa chini ya usimamizi mwaka 2022, Xplico 2023, Invesco 2024. Mwenye matatu aliyekuwa amelipa alibaki anatafuta bima upya, na madai yake hewani. Kuna hazina ya kufidia wenye bima, ile PCF, lakini kikomo chake ni shilingi 250,000 kwa dai. Kama umemgonga mtu na korti imesema milioni moja, fanya hesabu mwenyewe. Kabla ya kulipa, hakikisha kampuni iko kwenye orodha ya IRA ya mwaka huo, lipa kwa akaunti ya kampuni na si kwa simu ya ajenti, kisha uhakiki ile stika ya kidijitali ukiwa hapo hapo.

Kuhusu nyumba nitasema kidogo. Wengi wetu tumepanga, na tunadhani bima ya landlord inatuhusu. Hapana. Yake ni ya jengo. Laptopu, kitanda, friji na kamera yako ni shida yako. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliingia kwa nyumba za watu hadi wakatoka na nguo za mwilini. Bima ya vitu vya ndani ipo, na kwa bedsita huwa si bei ya gari, lakini uliza kama mafuriko yamo. Na kama kamera inakuletea pesa kama yangu, sema hivyo kwa fomu. Ni ule ule mtego wa viazi.

Kitu kimoja cha mwisho cha pesa. Kwa sheria yetu, bima haianzi mpaka ulipe, na benki ikikulipia unairudishia na riba. Kwa hivyo bima ya mwaka ujao inalipwa kuanzia sasa: 42,000 kugawa kwa 12 ni 3,500 kwa mwezi. Mathe amefungua akaunti ya kufungia hizo pesa kwa simu, na PIN haniambii. Ni sawa.

Kama bima ya kwenu inaisha mwezi ujao, usingoje siku ya mwisho, kwa sababu siku hiyo huna nguvu ya kujadiliana. Uliza mambo matatu: nini hakilipwi, nitatoa ngapi kwanza, na mwaka jana mlilipa madai baada ya siku ngapi? Ajenti akianza kukasirika, hilo ni jibu pia. Mkikataliwa dai bila sababu ya maana, peleka malalamiko IRA kwa maandishi. Usiishie kulia kwa status.

Na wewe unayeendesha gari la mzazi, uliza leo kama jina na umri wako vinakubalika. Sera nyingi zinaongeza eksesi kama dereva ni kijana ama leseni yake ni mpya. Afadhali ujue ukiwa umekaa kwa kochi kuliko ukiwa umesimama kando ya barabara, simu mkononi, unatafuta maneno ya kumwambia mamako.