Kiingereza cha Ofisini Kilipofika Wote

Ukambani nilikuwa nikiujua kwa maembe yanayoshushwa soko la Kongowea, Mombasa, kabla ya jua kutoka, na kwa vinyago vya ushirika wa Wakamba pale Changamwe. Kwa hiyo shirika moja la Nairobi liliponitafuta niende Kitui na Makueni, nikawe mkalimani na mwandishi wa kumbukumbu za mikutano, nilikubali kabla sijauliza malipo. Maofisa wangesema Kiingereza, mimi nigeuze Kiswahili, na dada mmoja mwenyeji wa Kitui apokee Kiswahili changu awape wazee kwa Kikamba.

Tulitoka alfajiri kwa njia ya Machakos. Mle garini hapakuwa na jambo lisilokuwa na msemo wake. Kuwasiliana kidogo ni "touch base", kukadiria ni kutoa "ballpark figure", kujitwika jukumu ni "step up to the plate". Yote mitatu imetoka kwenye besiboli, mchezo wa Wamarekani ambao mimi sijauona ukichezwa popote kati ya Lamu na Kisumu. Wenzangu hawakuwa watu wabaya. Ndivyo wanavyozungumza kutwa, na mingine imeshahamia kwenye Kiswahili chetu. Siku hizi mtangazaji wa redio hamalizi sentensi bila "mwisho wa siku", hata kama ni saa mbili asubuhi.

Tulipita Wamunyu, kwao Mutisya Munge. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikwenda Tanganyika, akajifunza kuchonga kwa mafundi wa huko, akarudi kuwafundisha watu wake. Vinyago vya Changamwe mzizi wake ni huo. Naye aliazima kwa wengine, ila alichorudi nacho kimewalipia watoto karo.

Baada ya hapo barabara ikashuka kuuvuka Mto Athi, ikapanda Kwa Vonza penye Chuo Kikuu cha SEKU, na mchana tukawa Kitui.

Mkutano wa kwanza ulikuwa chini ya mgunga, kando ya mto wa msimu usio na tone la maji juu yake. Maji yalikuwa chini. Hujengwa ukuta wa zege kukata mto, mvua ikija mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanajificha ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii. Shirika la SASOL limejenga mamia ya mabwawa ya namna hiyo Kitui tangu miaka ya 1990, wanavijiji wakisomba mawe na mchanga kwa mwethya, yaani kikundi cha kufanyiana kazi kwa zamu. Hapa bwawa lilikuwapo, lakini pampu ilikuwa imekufa. Susu mmoja, yaani bibi, aliyekalia mtungi wake wa plastiki wa lita ishirini akauliza itatengenezwa lini.

Ofisa wetu akatabasamu, akasema hilo "we take a rain check".

Msemo huo wa kuahirisha jambo nao ni wa besiboli. Zamani mvua ikivunja mchezo, mtazamaji alibaki na kipande cha tiketi cha kumrudisha uwanjani siku nyingine bila kulipa tena. Kusema hivyo Kitui, ambako watu hutegemea mvua za Oktoba hadi Desemba na zile za Machi wakizipata wanashukuru! Nilikuwa bado natafuta namna ya kuutafsiri bila kumwaibisha mtu, mzee mmoja wa koti la kijivu akainua fimbo.

"Mwanangu mkalimani, usihangaike. Hiyo mvua nimeisikia. Muulize tarehe."

Tarehe haikupatikana. Ila jioni nilimfuata mzee yule dukani alikokuwa akinywa chai, nikajua alikuwa karani wa serikali hadi alipostaafu. Akanisimulia Kiingereza cha ofisi za ujana wake: barua ilifungwa kwa maneno ya kujinyenyekeza, eti mwandishi ana heshima ya kuwa mtumishi mtiifu wa bwana, hata kama bwana mwenyewe anakataliwa ombi lake. Na ule "utepe mwekundu" wanaoulaumu Waingereza urasimu unapozidi? "Tulikuwa nao kabatini," akasema. "Faili nimezifunga kwa mikono hii. Ulikuwa unaweza kuufungua."

Kesho yake tulishika barabara ya kusini, lami nzuri siku hizi, Mutomo, Ikutha, mibuyu kila upande, tukavuka tena Athi kuingia Makueni na kutokea Kibwezi. Makindu tulikula kwenye hekalu la Masingasinga, ambalo limesimama tangu 1926 na humlisha msafiri yeyote bila kumdai senti. Kutoka hapo tukapanda Kathonzweni hadi mji wa Wote.

Huko ndiko yule ofisa alikotoa msemo aliokuwa akiupenda kuliko yote: mradi uanze na matunda yanayoning'inia chini. Maana yake, kazi rahisi kwanza. Mama mwenye shamba alicheka mpaka akashika kiuno, akasema, "Twende mkayaone."

Maembe yalikuwa ya kupandikizwa, Apple na Kent, miti mifupi yenye matawi yaliyolemewa. Ya chini kabisa yaligusa udongo. Moja lilikuwa na alama za meno ya mbuzi, jingine lina doa dogo kama limechomwa na sindano. Mama akalipasua kwa kisu, funza weupe wakarukaruka: nzi wa matunda. Kwa ajili ya nzi huyo Kenya ilijizuia kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014, ikarudi 2021. Mazuri alikuwa akiyatoa juu, kwa ufito mrefu wenye kifuko cha wavu, na kila embe akilikata huku akiacha kikonyo, maana utomvu ukimwagika unaunguza ganda na dalali anapunguza bei.

"Haya ya chini," akasema, "ni ya mbuzi na ya watoto wakitoka shule."

Alasiri tukakutana na kamati. Kwa maoni yangu hapa ndipo Makueni ilipotofautiana na kwingine nilikowahi kutafsiri. Enzi za gavana Kivutha Kibwana, 2013 hadi 2022, watu walizoea kuketi kuanzia kijijini kuchagua miradi, na kamati za wakazi kukagua kazi kabla mkandarasi hajalipwa. Wamezoea kuuliza. Ofisa aliposema tuwe ukurasa mmoja, wakamwomba nakala ya bajeti. Alipotaka kurusha mpira upande wao, wakamuuliza jina la mwenye saini. Kila nilipomaliza kutafsiri, swali lilikuwa lile lile kwa sura nyingine: nani, lini, shilingi ngapi.

Mwishowe akaweka kalamu chini, akaacha Kiingereza. "Wazee, kusema kweli fedha bado hazijaidhinishwa. Nitawajulisha kabla ya tarehe 31 Machi."

Sikuwa na la kutafsiri. Katibu wa kamati akaandika maneno hayo daftarini, akalisukuma upande wa pili wa meza, akamwomba atie sahihi na namba ya kitambulisho.